Sekunde Kumi na Moja za Mhandisi Refat

Jumamosi asubuhi Soko Jipya la Tirana halina adabu. Watu hupigana vikumbo kwa vikapu, na wauza jibini humwita kila mwanamke bibi harusi, hata mwenye wajukuu sita. Rudina alikuwa amesimama mbele ya mapipa ya achari, ndani ya koti lake la rangi ya haradali, akimchagulia mama yake pilipili za siki, pua yake iliposhtuka. Siki aliyoinusa haikutoka kwenye mapipa. Ilikuwa nyuma yake, kali, yenye uchachu wa ugonjwa, na aliijua vizuri kuliko manukato yake mwenyewe.

Akageuka. Mwanamume mrefu alikuwa anapita na koti la bluu la fundi, mikono imejaa madoa ya rangi, na kwapani kabana kopo bapa la bati lenye kutu.

"Kaka! Hicho ulichobeba kinakufa."

Mwanamume alisimama. "Hiki? Nimekinunua sasa hivi kwa muuza vyuma. Kaniapia ni sinia la kuokea bireki, mikate ya jibini."

"Muuza vyuma hana pua. Hiyo ni filamu, na filamu ikianza kuoza hunuka siki. Zunguka nayo juani hivyo hivyo, jioni utakuwa umebeba urojo."

"Na wewe ndiye daktari wake?"

"Nesi. Madaktari wote wamehamia Ujerumani."

Mwanamume akacheka mpaka muuza achari naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Aliitwa Jetmir, alikuwa msanii, na kwa miaka mitatu alikuwa akiokota mabaki ya filamu za zamani kwa ajili ya kazi zake. Rudina alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili kwenye hifadhi moja ya filamu pale mjini, akiponya kanda zilizokata tamaa. Walisahau pilipili, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye meza yake ya kazi, wakafungua kopo. Ndani mlikuwa na mechi ya mpira iliyokwisha sare bila bao.

"Pole," alisema Rudina.

"Pole ya nini?" alisema Jetmir, naye alikuwa haitazami filamu hata kidogo.

Mwezi haukwisha, simu zikawa hazikatiki.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula juu ya ngazi. Natundika waya."

"Nyinyi wasanii wa siku hizi mna raha. Mnatundika waya ukutani, mnasema ni siasa, watu wanapiga makofi."

"Na nyinyi wa hifadhi mnaifungia siasa kabatini kwenye baridi, mnasema imepumzika. Shuka basi, roho yangu, tutembee. Mji mzima uko barabarani, mimi peke yangu ndiye natembea na ngazi."

Walitembea kila jioni, kama kila mtu wa Tirana anavyotembea, kwenda na kurudi barabara ile ile, huku wakisalimiana na nusu ya mji. Rudina alikuwa na miaka thelathini na sita na alishazoea kuambiwa kwamba treni imempita. Sasa alijikuta anapaka wanja kwenda kununua mkate. Alimpenda yule mtu. Hakulizungushia maneno, wala mimi sina sababu ya kulizungushia.

Siku ya siku Jetmir akamwomba kitu. "Kuna filamu ya habari ya mwaka sabini na nne, uzinduzi wa bwawa la umeme kule kaskazini. Babu yangu ndiye mhandisi aliyelijenga. Refat. Mwaka uliofuata Chama cha Kikomunisti kilimgeuka, akaitwa adui, akafia mgodini akiwa mfungwa. Bibi na baba walipelekwa kijiji cha kufungiwa, baba akiwa na miaka mitano. Picha zote za nyumbani zilichukuliwa. Sijui hata sura ya babu yangu."

Rudina aliitafuta siku mbili, akaipata. Alivaa glavu nyeupe, akaipitisha mezani taratibu, Jetmir ameketi kando yake. Bendi inapiga. Wakubwa wanasogea. Mkasi unafunguka mbele ya utepe, halafu picha ikaruka, na papo hapo umati mzima ukawa unashangilia nafasi tupu.

"Wanampigia makofi nani?" aliuliza Jetmir.

"Kumekatwa." Rudina alihesabu kwa karatasi ya vipimo iliyokuwa ndani ya kopo. "Sekunde kumi na moja."

Akainamia kile kiungo, pale filamu ilipokatwa na kuungwa, akakitazama kwa kioo cha kukuzia.  Kiungo kilikuwa chembamba kama uzi, kimekwanguliwa kwa mshazari kutoka kushoto. Wakataji wa zamani kila mmoja alikuwa na mkono wake, kama watu walivyo na miandiko, na mkono huu Rudina alifundishwa akiwa na miaka kumi na miwili kwenye meza ya jikoni: kwangua, paka gundi, bana, hesabu hadi kumi. Alifundishwa na mama yake mzazi.

Jetmir yeye alikuwa anapiga picha kwa simu na kuzivuta kwa vidole ziwe kubwa. Ghafla akamshika Rudina bega. "Ona! Picha ya mwisho kabla ya kukatwa, pale pembeni. Kiwiko! Mkono wa koti jeupe. Baba anasema babu alivaa koti jeupe siku ile." Akasimama. "Jumatatu naja na kamera kubwa, kwenye simu ni ukungu tu. Nitakikuza kiwe ukuta mzima wa maonyesho yangu, na chini yake nitaandika jina la aliyemkata. Lazima liko mahali. Mama yako si alifanya kazi studio ya filamu zamani? Atawajua wenzake."

"Alikuwa upande wa mavazi," alisema Rudina.

Uongo ulimtoka mwepesi kiasi kwamba yeye mwenyewe aliushangaa.

Jumamosi na Jumapili hakulala vizuri. Akilini alimwona mama yake, Bibi Feride wa miaka sabini na mitano, mwenye shinikizo la damu na maua ya dirishani, jina lake limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa na majirani wanapita wanalisoma. Jumatatu aliwahi kazini kabla ya wote. Alijiambia gundi imekauka na kiungo kinaweza kuachia. Ni kweli ilikuwa imekauka, na uongo wenye chembe ya kweli ndani yake humezeka kirahisi. Akakikata kiungo cha mama yake, akaunga upya kwa mkono wake, mnene na mnyoofu. Kila kiungo kikifanywa upya, picha moja ya kila upande hupotea. Alizitia mbili zile kwenye bahasha, maana mhifadhi hatupi kitu, akaifungia bahasha mtotoni mwa meza. Ndipo alipotambua kwamba moja ya picha zile ndiyo iliyokuwa na kiwiko.

Jetmir alipofika na kamera alitazama mara moja tu. Akatazama picha iliyokuwa kwenye simu yake. Akatazama tena.

"Hiki si kile."

"Gundi ilikauka, Jetmir."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Uchaguzi ni mwezi ujao. Watoto wa wale waliotoa amri leo wana suti na viti vya mbele. Nani kakupigia simu, Rudina? Mkurugenzi wako?"

"Nakuapia, hakuna mtu."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepiga kelele. "Babu yangu alikuwa amebakiwa na kiwiko. Katika dunia nzima, kiwiko tu. Na hicho nacho wamekikata, kwa mkono wako."

Akafunga kamera yake na kwenda zake. Rudina alipiga simu mara saba siku ile. Siku ya pili akapiga tatu. Siku ya tatu akaacha, akanunua zile pilipili alizosahau tangu siku ya sokoni, akaenda kwa mama yake.

Feride alikuwa anamwagilia maua. Alimtazama binti yake usoni, akaweka jagi chini. "Nani kafa?"

"Hakuna, Mama. Filamu ya bwawa, sabini na nne. Ulimkata wewe?"

"Yule wa koti jeupe?" Feride aliketi. Hakujifanya hajui. "Mimi. Kwa nini?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Tulikuwa wanawake sita. Saa mbili asubuhi simu inalia, inatajwa jina, tunakata jina hilo kwenye kila filamu lilimo. Halafu tunakunywa chai. Vipande tulivichoma uani wenyewe, na mtu wa Kamati ya Chama amesimama anahesabu."

"Lakini ulimwachia kiwiko." Rudina alisogea karibu. "Ulimhurumia, si ndiyo?"

"Huruma gani? Nilikosea. Nilikuwa na mafua, macho yananitoka machozi. Wangekiona kile kiwiko ningekwenda kuvuna mahindi kijijini pamoja na familia yake." Alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na niliogopa. Ni hivyo tu. Usinitafutie ushujaa, mwanangu."

Rudina akamweleza yote: Jetmir, ukuta, uongo wa mavazi, kiungo kipya. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya jambo ambalo Rudina hakulitarajia. Alikasirika.

"Mimi niliamriwa. Wewe nani alikuamuru?"

"Nilikuwa nakuficha wewe!"

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Nani kakuomba unifiche? Nina miaka sabini na mitano, nikiandikwa ukutani nitasomwa na watu wanne na paka. Wewe umepoteza mtu. Nenda kamwambie."

Maonyesho yalikuwa kwenye kilichokuwa kiwanda cha soksi. Rudina alijizungusha karibu wiki nzima, akafika mchana, siku moja kabla ya ufunguzi, na koti lake la haradali na bahasha mkononi. Jetmir alikuwa juu ya ngazi. Ukuta mkubwa wa katikati ulikuwa mweupe, mtupu.

"Shuka," alisema Rudina. "Nina neno, na sitaki kukusemesha miguu."

Akashuka. Hakumsogelea.

"Aliyemkata babu yako ni mama yangu. Niliujua mkono wake siku ile ile. Nikakudanganya, kisha nikaunga upya ili usimjue. Hakuna mkurugenzi, hakuna uchaguzi. Ni mimi." Akamnyooshea bahasha. "Kiwiko hiki hapa. Sikukitupa."

Jetmir aliifungua, akainua kile kipande kidogo kuelekea dirishani. Alikitazama kwa muda mrefu sana. Nje gari la mgombea lilikuwa linapita na vipaza sauti, likiahidi barabara.

"Nilikuita mtu wao," alisema mwishowe.

"Uliniita."

"Na kumbe wewe ni mtoto wa mtu tu." Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa. "Ungeniambia, Rudina."

"Ungeliandika jina lake."

"Ningeliandika." Hakukwepa. "Wiki iliyopita ningeliandika na watu wangenipigia makofi, na wewe ningekupoteza, na ningejiambia hiyo ndiyo bei ya ukweli. Sisi wasanii tunapenda sana kupata mkosaji mmoja wa kutundika."

"Na leo?"

"Leo sijui. Ndiyo maana ukuta uko mtupu. Nimetundika kila kitu kingine." Akainua uso, na macho yake yalikuwa yamelowa bila aibu. "Siku tisa hizi nimekula bireki ngumu na kuzungumza na waya. Nimekukumbuka mpaka nimejichukia."

"Na simu zangu?"

"Nilikuwa nazihesabu. Ya kumi ilipofika nikasema ya kumi na moja napokea. Haikuja."

"Mjinga wewe," alisema Rudina, akalia, na Jetmir akasimama akamkumbatia, rangi yote ya mikononi ikaishia kwenye koti la haradali. Hakuna aliyejali.

Lakini mapenzi ya watu wawili hayaishii kwa wawili. Wiki mbili baadaye Jetmir alimpigia kutoka kijijini.

"Nimemwambia Baba nataka kukuoa."

"Akafurahi?"

"Akafurahi. Halafu nikamwambia wewe ni binti wa nani."

Rudina aliketi. Selman, baba yake Jetmir, alikuwa na miaka hamsini na mitano na alikulia katika kijiji kile cha kufungiwa. Nchi ilipofunguliwa alibaki pale pale kwa kukosa pa kwenda, akafuga nyuki. Alikuwa na kiapo kimoja kilichojulikana na wote: hatakanyaga nyumba ya mtu yeyote aliyewatumikia wale wa Chama. Na binti wa watu haolewi kwa simu. Baba wa kijana lazima aje nyumbani kwao, aombe.

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alienda kwenye mizinga akakaa huko mpaka jua likashuka. Kisha akarudi akaniuliza kama mama yako anatumia asali."

"Maana yake nini?"

"Maana yake anakuja Jumapili. Kukuposa au kutulaani sote, moyo wangu, hapo sijui."

Jumapili Feride alivaa gauni lake la buluu lenye ukosi mweupe. Selman alikuja na suti ya harusi yake, iliyompwaya mabegani, na mtungi wa asali aliouweka mezani. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Alisalimia, "Hujambo, bibi," akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri basi. Rudina alileta kahawa katika vikombe vidogo.

Selman hakukigusa kikombe chake. Kahawa ya mwenye ombi hainywewi mpaka ombi lijibiwe, hilo hata watoto wa Tirana wanalijua. Jibu likiwa hapana, mgeni huinuka na kikombe kinabaki kimejaa, na nyumba mbili zile hazisalimiani tena.

"Nina ombi," alisema Selman.

"Jibu ninalo," alisema Feride. "Binti yangu ni mtu mzima, na mwanao..."

"Si hilo. Hao walishaulizana na kujibizana, sisi tunaletewa kahawa tu." Jetmir alitabasamu kidogo, akaacha alipoona uso wa baba yake. "Nimekuja kuziomba zile sekunde kumi na moja."

 Feride alimtazama moja kwa moja.

"Nilizichoma, bwana."

"Najua. Lakini uliziona."

Rudina alitaka kumwokoa mama yake, akajizuia. Mara ya mwisho alipomwokoa aliharibu kila kitu.

"Niliziona," Feride alisema taratibu. "Mkataji hutazama picha moja moja. Zilikuwa mia mbili sitini na nne. Nilizipitia kwenda na kurudi, nijue pa kuanzia na pa kuishia."

Akavua miwani. Akaweka mkono wa kushoto mezani, bapa, na wa kulia ukaanza kuzungusha gurudumu ambalo halikuwapo.

"Koti jeupe. Kofia ngumu ya kazi. Amesimama nyuma ya wakubwa, hakuna anayemtazama. Mkasi unakata. Wenzake wanapiga makofi, yeye hapigi, anatafuta mtu kwenye umati. Anapunga mkono hivi, njoo, njoo. Anatoka mwanamke mfupi, kitambaa cha maua. Anakataa, anaona haya, wenzake wanamsukuma. Anafika. Baba yako anavua ile kofia na kumvika yeye, juu ya kitambaa. Inamfunika mpaka puani. Mwanamke anaiinua kwa vidole viwili, anamtazama mumewe, anacheka. Kinywa wazi kabisa. Ana jino moja..."

"Limepanda juu ya jingine," alisema Selman.

"Upande wa kushoto."

"Kushoto." Selman alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Niliishi naye miaka kumi na mitatu kule. Chumba kimoja. Sikuwahi kumwona akicheka. Nilidhani ndivyo alivyozaliwa."

Mkono wa Jetmir ulikwenda mfukoni kwenye simu, akitaka kurekodi. Maonyesho yalishafunguliwa, lakini ukuta wa katikati wa kiwanda cha soksi ulikuwa bado mtupu. Kisha akautoa mkono bila simu na kuuweka juu ya wa Rudina.

"Kuna jingine," alisema Feride. "Hili hata binti yangu sikumwambia. Amri ilimtaja baba yako peke yake. Mama yako hakutajwa. Nilimkata kwa sababu alikuwa amesimama karibu naye mno. Nisamehe."

 Selman alikichukua kikombe, kahawa ilikuwa imeshapoa, akainywa yote mpaka mashapo, akakirudisha juu ya kisahani. Akasogeza kiti chake karibu na meza, karibu na mkono wa yule mwanamke.

"Tena, dada," alisema. "Anza mwanzo."